Uhaba si faida: Somo la Camaro 69 zilizokosa wanunuzi

Desemba 31, 1968, magari mawili mapya aina ya Chevrolet Camaro yalishushwa katika duka la Fred Gibb, wakala wa kuuza magari katika mji wa La Harpe, jimbo la Illinois nchini Marekani. La Harpe ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya, na wakazi wake hawafiki 1,500. Magari hayo yalikuwa ya daraja la chini katika orodha ya Camaro. Yalikuwa na rimu za chuma zenye vifuniko vidogo na viti vya kawaida, na hayakuwa na nembo yoyote ya kutangaza kilichomo ndani. Ukiacha boneti iliyoinuka kidogo, mpita njia asingegeuza shingo.

Tofauti ilikuwa chini ya boneti hiyo. Injini ilikuwa ZL1, yenye ujazo wa inchi 427, yaani karibu lita 7, au kwa lugha ya mafundi wa gereji, "sisi" 7,000. Bloku lake lilikuwa la alumini badala ya chuma, hivyo pamoja na ukubwa wake haikulemea sehemu ya mbele ya gari. Kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu farasi 430, ingawa waliokuwa na vipimo walijua kwamba ilipita 500. Mwaka 1969 zilitengenezwa Camaro 69 tu zenye injini hiyo, na 50 kati ya hizo ziliagizwa na wakala huyo mmoja wa mji wa wakulima.

Katika miaka ya karibuni, gari moja la aina hiyo limewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 1,000,000. Ndiyo maana habari ya Camaro hizo husimuliwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba kitu adimu ni dhahabu, na kwamba mwenye subira hula mbivu. Madalali wa mnada huipenda sana hadithi hiyo. Tatizo ni kwamba inasimuliwa kuanzia mwisho. Ikisimuliwa kuanzia mwanzo, inatoa fundisho tofauti kabisa, na lenye manufaa zaidi kwa mfanyabiashara na mkulima: uhaba hutokana mara nyingi na hasara ya mtu, na aliyeubeba mzigo wa hasara hiyo ni nadra kuwa ndiye anayekuja kuvuna.

Mlango wa teksi na polisi

Ili kuelewa magari hayo yalitoka wapi, ni lazima kuelewa kanuni zilizokuwapo. Katika miaka ya 1960 uongozi wa juu wa General Motors uliweka kikomo cha ukubwa wa injini katika magari yake ya ukubwa wa kati na madogo. Hofu yao ilikuwa usalama barabarani, lawama za wanasiasa na sura ya kampuni mbele ya umma. Hata hivyo, vijana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wanafikia umri wa kununua magari, na walichotaka kilikuwa wazi: gari la bei nafuu lenye injini kubwa. Magari hayo ndiyo Wamarekani waliyokuja kuyaita magari ya misuli.

Palipo na kanuni na mahitaji yanayopingana nayo, mlango wa nyuma hupatikana. Mwaka 1964 kitengo cha Pontiac, ambacho mhandisi wake mkuu alikuwa John DeLorean, kilichukua injini ya inchi 389 ya magari makubwa na kuiweka katika gari la kati, wakati kikomo kilikuwa inchi 330. Hawakuitangaza GTO kama gari jipya, kwa kuwa gari jipya lingehitaji kibali cha wakubwa. Waliiandika kama nyongeza ya hiari, kwa takriban dola 295 juu ya bei ya gari la kawaida. Walitarajia kuuza kama 5,000. Mwaka huo wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000.

Kwa upande wa Chevrolet, mlango wa nyuma ulikuwa utaratibu wa maagizo maalumu ya ofisi kuu, uliojulikana kwa kifupi kama COPO. Utaratibu huo haukuwa umebuniwa kwa ajili ya mbio. Ulikuwa wa wateja wanaonunua magari mengi kwa pamoja, kama vile kampuni ya teksi inayotaka viti imara, idara ya polisi inayotaka breki nzito, au kampuni ya huduma inayotaka magari yake yote yapakwe rangi moja. Vince Piggins, aliyehusika na magari ya mwendo kasi katika Chevrolet, aliona kwamba fomu zile zile zingeweza kutumika kuagiza injini ambayo kitabu cha kawaida cha mauzo hakikuiruhusu. Wakala Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, aliitumia njia hiyo kupata Camaro zipatazo 200 zenye injini ya chuma ya inchi 427. Gibb akaitumia kupata zile za alumini.

Hapo ndipo palipozaliwa mchanganyiko unaowachanganya watu hadi leo: gari la chini kabisa kwa sura, lenye injini ya juu kabisa kwa nguvu. Mwagizaji hakutaka kulipia redio wala mapambo, kwa kuwa kila kilo iliyoongezwa ilipunguza kasi.

Kuagiza bila bei mkononi

Chama cha NHRA, kinachosimamia mbio za masafa mafupi nchini Marekani, kilikuwa na sharti kwamba gari likubaliwe katika daraja fulani la mashindano endapo yametengenezwa angalau 50 ya namna hiyo. Gibb alikuwa tayari ameonja mafanikio. Mwaka 1968 aliagiza Chevrolet Nova 50 zenye injini kubwa na gia za kujibadili zenyewe, na biashara hiyo ilikwenda vizuri. Kwa hiyo alipoagiza Camaro 50 za alumini hakuwa mtu anayebahatisha gizani. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba mafanikio ya jana ni dhamana ya kesho.

Kosa lilikuwa kwenye bei. Gibb alitarajia gari lisilofika dola 5,000. Wakati magari yanafika, kampuni ilikuwa imeamua kwamba gharama za kuunda injini ya namna hiyo zibebwe na wale wanaoiagiza. Injini peke yake iliongeza dola 4,160, wakati Camaro nzima ya kawaida yenye silinda nane iliuzwa dola 2,727. Bei ya jumla ikapita dola 7,200. Kwa fedha hizo, mteja wa mwaka 1969 angeweza kununua Camaro mbili za kawaida na kubaki na chenji.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni nzuri, lakini haikutaja bei. ZL1 ilikuwa chema kwa kila kipimo cha ufundi, na bado haikujiuza. Gibb alifanikiwa kuuza 13 tu. Magari 37 yaliyosalia yalirudishwa Chevrolet na kugawiwa kwa mawakala wengine, ambao nao walihangaika nayo. Mtu yeyote aliyewahi kuweka mzigo dukani kwa fedha za mkopo anajua maana ya gari kukaa uwanjani mwezi baada ya mwezi huku riba ikitembea.

Kwa hiyo, inaposemwa leo kwamba Camaro hizo ni adimu kwa sababu zilikuwa bora, sentensi hiyo ina nusu ya ukweli. Ni adimu kwa sababu soko lilizikataa. Kama zingeuzwa zote ndani ya wiki mbili, Chevrolet ingetengeneza 500 nyingine, na idadi ya 69 isingekuwa na maana yoyote.

Faida ilikuwa kwenye gari la kawaida

Upo mfano wa pili unaoonyesha upande mwingine wa shilingi. Mwaka 1968 Plymouth, iliyokuwa chini ya kampuni ya Chrysler, ilileta gari lililoitwa Road Runner. Waliobuni gari hilo walianza na swali ambalo Gibb hakulipatia jibu: mnunuzi ana fedha kiasi gani? Walichukua Belvedere, gari la kawaida la familia, wakaondoa kila kisicho cha lazima. Zulia likabadilishwa na mkeka wa mpira, na mbele kikawekwa kiti kimoja kirefu. Injini ya inchi 383 ikawekwa kama sehemu ya bei, na bei yenyewe ikashikiliwa chini ya dola 3,000.

Matokeo yake, ziliuzwa karibu 45,000 katika mwaka wa kwanza, mara mbili ya matarajio, na mwaka uliofuata zikapita 80,000. Mteja aliyetaka zaidi aliweza kuongeza kiasi cha dola 700 na kupata injini ya Hemi ya inchi 426, iliyokuwa na sifa kubwa katika mashindano. Waliokubali mwaka huo wa kwanza walikuwa takriban 1,000 tu. Wengine walipiga hesabu ya mafuta, bima na matengenezo, kwani Hemi ilihitaji fundi wa kurekebisha valvu na kabureta zake mbili mara kwa mara, wakaamua kwamba 383 inawatosha.

Leo Road Runner yenye Hemi ina thamani kubwa kuliko ndugu yake wa kawaida, na wakusanyaji hawasemi habari nyingine. Lakini swali la kiuchumi ni hili: mwaka 1968, nani aliwalipa mishahara wafanyakazi wa Plymouth? Ni wale 44,000 walionunua gari la kawaida. Injini adimu ilikuwa bango la kuvuta watu waingie dukani. Gari lililotoka dukani, na kulipa gharama za kiwanda, lilikuwa lile lisilo na hadithi.

Wazalishaji wengi husahau tofauti hiyo. Bidhaa ya kujivunia ina nafasi yake, lakini haifai kuwa ndiyo nguzo ya nyumba. Anayeweka mtaji wake wote kwenye kitu kimoja cha kipekee, kwa matumaini kwamba upekee wenyewe utaleta bei, anajenga juu ya bango.

Mali bila daftari

Soko la magari hayo halikudumu. Kampuni za bima ziliongeza ada kwa vijana wanaoendesha magari yenye nguvu. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilikaza masharti ya moshi, na kuanzia magari ya mwaka 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo katika injini zake ili zitumie petroli yenye risasi kidogo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zikaweka vikwazo, na bei ya mafuta ghafi ikapanda mara nne ndani ya miezi michache. Gari la lita 7 likawa mzigo. Mengi yaliuzwa kwa bei ya chini, yakagongwa, au yakang'olewa injini kwa ajili ya mashindano. Ni miaka mingi baadaye, vijana wa zamani walipokuwa watu wazima wenye fedha, ndipo mahitaji yaliporudi.

Yaliporudi, kilichoamua nani anapata nini kilikuwa karatasi. Namba ya utambulisho ya Chevrolet ya mwaka 1969 inaonyesha kama gari lilitoka kiwandani na silinda sita au nane, lakini haisemi ni injini ipi kati ya zile za silinda nane. Maana yake ni kwamba Camaro ya kawaida inaweza kuwekwa injini kubwa, kupakwa rangi upya, na kuuzwa kama gari adimu. Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakasaga namba iliyogongwa kwenye bloku na kugonga nyingine inayolingana na ya gari.

Ndiyo maana ankara ya wakala iliyohifadhiwa kwenye droo kwa miaka 50 inaweza kuwa na thamani kuliko chuma kilichoiandamia. Kwa magari ya Chrysler, watu hufumua viti kutafuta karatasi ya kiwandani iliyosahauliwa kwenye springi, kwa sababu karatasi hiyo iliorodhesha kila kilichowekwa katika gari. Ford imeruhusu kumbukumbu zake za uzalishaji kuanzia magari ya mwaka 1967 zitumiwe na kampuni ya Marti Auto Works, na mnunuzi hulipia taarifa ya gari lake. Kwa Chevrolet nyingi zilizouzwa Marekani enzi hizo hakuna kumbukumbu kamili ya namna hiyo, na pengo hilo ndilo wanamotembea matapeli.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari mbili zinaweza kufanana kwa rangi, kwa injini na kwa mlio, na bado moja likauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya jingine kwa sababu mmiliki wa kwanza alitupa ankara. Mkulima anayeuza kahawa, vanila au mbegu bora anakutana na hali hiyo hiyo kila msimu: ubora usioweza kuthibitishwa hulipwa kwa bei ya kawaida.

Hesabu ya miaka 50

Sasa tuje kwenye dola 1,000,000 zinazowatoa watu udenda. Chukua mtu aliyelipa dola 7,200 mwaka 1969, akalitunza gari lake kwa miaka 50, na akafanikiwa kuliuza kwa dola 1,000,000. Fedha yake imekua kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Ni ukuaji mzuri. Lakini hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani, endapo gawio lilirudishwa kununulia hisa nyingine, zilikua katika kipindi hicho kwa wastani unaokaribia asilimia hiyo hiyo.

Hisa hazihitaji banda. Hazili bima ya moto, hazipati kutu, na panya hawatafuni nyaya zake. Kwa maneno mengine, aliyechagua gari adimu kuliko yote, akalipata, akalitunza bila kosa na kuliuza katika wakati mzuri, alipata kiasi kile kile ambacho angekipata mtu asiyejua lolote kuhusu magari. Na huyo ni mshindi wa bahati nasibu. Camaro zote za mwaka 1969 zilikuwa zaidi ya 240,000, na zenye ZL1 zilikuwa 69, sawa na kama tatu katika kila 10,000. Hakuna anayeandika makala kuhusu zile nyingine zilizoishia kuwa chuma chakavu.

Wapo watakaopinga kwamba si kila kitu ni asilimia, na kwamba wathubutu kama Gibb ndio wanaosukuma mambo mbele. Hoja hiyo ina uzito. Jina lake halijasahaulika, na Chevrolet yenyewe ilinufaika. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilifufua jina la COPO kwa Camaro za mashindano na kutengeneza 69, idadi ile ile ya mwaka 1969. Lakini hapo tena itazamwe nani amevuna. Mwaka 1969 idadi ya 69 ilikuwa kipimo cha kushindwa kuuza. Miaka 43 baadaye ikawa nyenzo ya kuuzia, na iliyonufaika nayo ilikuwa kampuni iliyotoza bei ile, si wakala wa La Harpe aliyerudisha magari 37.

Lipo pia suala la kesho. Waliokuwa na miaka 18 mwaka 1969 sasa wamepita 70. Wao ndio waliotamani magari hayo wakiwa vijana na kuyanunua wakiwa na fedha. Uhaba wa magari utabaki 69 au utapungua, lakini wanaoyatamani nao wanapungua. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, bei za magari mengi ya misuli zilishuka ingawa hakuna gari hata moja lililoongezwa duniani. Hilo peke yake lingetosha kumkumbusha mwekezaji kwamba bei inabebwa na mnunuzi, na uhaba ni shahidi tu.

Hivyo basi, kabla ya kuvutwa na neno adimu, liwe limeandikwa kwenye gari, kwenye aina mpya ya mbegu au kwenye mbuzi wa kisasa, ni vema mtu aulize maswali matatu. Nani atanunua, na ana fedha kiasi gani? Bei imeandikwa wapi, na nani anaweza kuibadilisha baada ya mzigo kuagizwa? Na ubora wake utathibitishwa kwa karatasi ipi siku muuzaji wa kwanza atakapokuwa hayupo?

Gibb alikuwa na jibu la nusu ya swali la kwanza, na hakuwa na jibu la swali la pili. Alikuwa na bidhaa bora kuliko zote zilizokuwa kwenye soko lake, katika mji ambao majirani zake walijua vizuri kabisa maana ya kupanda kabla ya kujua bei ya mavuno. Magari 37 yalipopakiwa kurudishwa yalikotoka, tayari yalikuwa adimu. Hakuna aliyemlipa hata senti moja kwa uhaba huo.